Mbaazi shambani, maharage sufuriani

Kikao cha wazazi kilifanyika chini ya mwembe, mwezi wa Julai, shule moja ya msingi nje kidogo ya Mtwara mjini. Ajenda ya tatu ilikuwa chakula cha mchana. Mwalimu mkuu akafungua daftari, akasoma: kila mwanafunzi alete mahindi na maharage, kilo kadhaa kwa muhula, au fedha yake. Minong'ono ikaanza. Maharage huku kwetu yanakuja kwa lori kutoka nyanda za juu, na bei yake kila mmoja pale anaijua. Mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Samahani Mwalimu. Na sisi wenye mbaazi je?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akamjibu kwa upole, "Mama, mbaazi watoto hawali."

Nyuma yake, hatua kama ishirini hivi, mibaazi ya uzio wa shule ilikuwa imebeba maganda hadi inainama.

Sikuuliza swali siku ile. Ajenda ya nne ilikuwa matundu ya choo, na ukimwona mwenyekiti wetu amefika kwenye matundu ya choo humrudishi nyuma. Lakini jibu la Mwalimu nimetembea nalo tangu hapo, kwa sababu lina ukweli na lina kosa kubwa, vyote kwa pamoja. Ni kweli watoto wengi hawazili mbaazi za shuleni. Kosa ni kudhani kwamba mtoto anazaliwa hapendi mbaazi. Kuna mahali alifundishwa kutozipenda, na kwa maoni yangu shule ni mojawapo ya mahali hapo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha Tanganyika ule mradi wao mkubwa wa karanga. Mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea yakafyekwa kwa matrekta. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa shughuli hiyo. Kufika 1951 mradi ulishazikwa, pauni milioni 36 zimeteketea, na miaka ya mwanzo ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa. Watu hupenda kusimulia hasara na matrekta yaliyobaki porini. Mimi huwa nakwama kwenye jambo dogo zaidi: katika hesabu zote zile, karanga zilipangwa ziishie mezani kwa Mwingereza. Mtoto wa Nachingwea hakuwamo kwenye orodha ya walaji.

Wakoloni waliondoka, mpangilio ukabaki. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, nyingi zikitoka mikoa hii, na sehemu kubwa ikapanda meli ikiwa bado kwenye ganda, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Msimu uliofuata, bei ilipogomewa minadani, serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Mtoto wa Tandahimba anaijua bei ya mnada kabla hajamaliza jedwali la saba. Muulize mara ya mwisho alikula korosho lini. Atakuambia msibani, au alipewa na mgeni aliyetoka Dar. Mgeni!

Mbaazi nazo zina kisa chao. Tulizilima kwa wingi kwa sababu India inazitaka. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku ikaanguka hata isifike robo ya ile tuliyoizoea. Magunia yakalala ndani. Nyumba zikajaa chakula cha kujenga mwili hadi uvunguni mwa kitanda, na watu wakawa wanalia njaa ya pesa. Mwaka huohuo, shuleni, nilichanga maharage.

Basi hayo ndiyo mazingira anayokulia mtoto wa kusini. Kila kitu kinachoota vizuri karibu naye amekijua kama mzigo wa kupeleka ghalani. Chakula ni kitu kingine, kinachonunuliwa dukani. Halafu tunashangaa akiona ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa na kuchemshwa, akasema ni chakula cha njaa.

Shule ingeweza kuufumua mshono huu. Ina ardhi, ina watoto mamia, ina walimu, na wakati mwingine ina jiko. Lakini jembe la shule lina historia yake, na ni lazima tuiseme. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliweka shamba katikati ya shule, na alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kuamua na waone faida ya jasho lao. Tulichorithi ni jembe. Sehemu ya pili iliachwa njiani.

Nilisoma msingi Masasi miaka ya tisini. Ukichelewa namba, tuta moja. Ukiongea Kimakonde darasani, tuta. Umefeli hesabu, matuta mawili, na mwenye kelele zaidi anapelekwa kupalilia kwa mwalimu. Mahindi tuliyalima kweli, yalistawi kweli, na nayakumbuka yakipakiwa kwenye pikapu ya bluu mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani. Hatukuambiwa yamekwenda wapi. Sikumbuki hata hindi moja la kuchoma. Mtu aliyefundishwa kilimo namna hiyo kwa miaka saba, akikua akakwambia kulima ni adhabu, anakariri tu somo alilofundishwa. Na walimu wa leo ndio sisi wa jana. Sitashangaa kuona jembe bado linahifadhiwa chumba kimoja na fimbo.

Hoja yangu kwa hiyo ni nyembamba, na nataka ibaki nyembamba: bustani ya shule ambayo mazao yake hayaingii tumboni mwa mtoto aliyeipalilia, tena mapema, haifundishi chochote kuhusu chakula. Iwe na bango zuri, iwe na mgeni rasmi wa kuizindua, haifundishi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuimbia vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili bila kukosea. Kile asichonacho ni siku aliyoikata kunde mwenyewe asubuhi na kuikuta sahanini mwake mchana.

Hapa ndipo miradi mingi ya bustani inapojikwaa, na sababu kubwa ni kalenda. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakatika Aprili, zikichelewa sana Mei. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, wakati hasa kila mtu anapanda, na kufunguliwa Januari. Halafu zinafungwa tena Juni. Sasa chukua kabichi, karoti na spinachi, mboga za picha za kwenye vitabu, uziweke kwenye kalenda hiyo. Zinahitaji maji ya kumwagilia asubuhi na jioni miezi yote ya kiangazi. Nenda Newala au Kitangari, juu kwenye Uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina bei na mtu anaihesabu, umwambie mzazi mtoto wake abebe maji ya kumwagilia kabichi ya shule. Atakuangalia tu. Likizo ya Juni ikifika, bustani inakauka, mbuzi wanamalizia kazi, na ripoti inaandikwa kwamba jamii haikuwa na mwamko.

Mimea ya hapa haina ugomvi na kalenda hiyo. Kunde ukizipanda wiki ya kwanza shule inapofunguliwa Januari, ndani ya mwezi mmoja unachuma majani, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuukumbuka mwezi mmoja. Mchicha vivyo hivyo. Matembele yanatambaa yenyewe, chini yake kuna viazi; ukiweka viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, umempa mtoto vitamini A bila kidonge. Mbaazi zinapandwa na mvua na hazihitaji tena msaada wako. Zinakomaa Julai na Agosti, shule iko wazi, ardhi imekauka, kila kitu kingine kimenyauka. Muhogo unakaa ardhini unakusubiri, hauna haja ya ghala wala dawa ya fukusi. Kisamvu kipo mwaka mzima. Mlonge ukishashika mizizi ndiyo basi. Ukiamua kuongeza mboga chache za kiangazi, weka magunia matano ya udongo na samadi karibu na ndoo za kunawia mikono, yale maji ya kunawa yaende huko. Matano yanatosha. Anayetaka hekari nzima ya mboga Septemba alete na kisima.

Jambo moja la tahadhari kwa shule zilizozungukwa na mikorosho, yaani karibu zote: msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, vumbi halichagui. Panga bustani mbali na mistari ya mikorosho, na mboga zioshwe.

Wapo watakaosema ninarudisha watoto kwenye muhogo, wakati dunia inakwenda mbele. Nawaelewa. Muhogo una jina baya, na kwa kiasi fulani limestahili. Miaka ya mwanzo ya 2000 mkoa huu ulipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla, mara nyingi watoto na wanawake, na miguu hairudi kama zamani. Chanzo chake ni sumu ya sianidi iliyomo kwenye muhogo mchungu, hasa ukame unapouzidishia sumu na njaa inapowafanya watu waharakishe: badala ya kuuloweka na kuuanika siku zote zinazotakiwa, unasagwa haraka, unaliwa leo. Na inampata zaidi anayekula ugali huo mtupu, siku baada ya siku, bila mboga yenye protini ya kuusaidia mwili kuitoa sumu.

Ukisoma maelezo hayo haraka utasema, basi tuachane na muhogo. Mimi nayasoma kinyume. Bibi zetu walijua upi mtamu wa kutafuna mbichi na upi mchungu wa kutengeneza makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyokaushwa. Walijua siku za kuloweka, walijua kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa vya kutosha kabla ya kutiwa tui. Ujuzi huo ndio uliokuwa kinga, na ndio unaopotea pale tunapouita muhogo chakula cha maskini tusichopaswa kukizungumzia darasani. Tunaendelea kuula, maana njaa haisomi mtaala, ila tunaula bila elimu yake.

Na elimu yenyewe inafundishika kwa beseni. Mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake walieneza njia ya kulowesha unga ambayo ilifundishwa huku kusini baada ya konzo. Unamimina unga wa muhogo kwenye bakuli, unaweka alama ulipofika. Unaongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga unashuka chini ya alama, watoto wanashangaa, unaendelea kuongeza mpaka unapanda tena kwenye alama uliyoiweka. Kisha unautandaza juu ya mkeka, tabaka jembamba lisilozidi upana wa kidole, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu nyingi inapaa na hewa. Jioni unasonga ugali. Hapo mna sayansi, mna vipimo, mna afya, na vifaa vyake havizidi beseni na jamvi. Weka pembeni yake bakuli la mbaazi, na darasa zima limeona kwa nini ugali hautakiwi kuliwa peke yake.

Kwa wanaoamini kwamba mahindi na maharage ndiyo lishe kamili, naomba watazame utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022. Nchi nzima, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto au zaidi. Huko ndiko kwenye mahindi. Sababu za udumavu ni nyingi, siwezi kuzibeba zote kwenye sufuria moja, lakini angalau tusifikirie kwamba kuagiza makande kutoka nyanda za juu kutatuponya.

Sasa mabibo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Kila korosho inayokwenda ghalani ilining'inia chini ya bibo lenye uzito zaidi ya mara tano kuliko hiyo korosho yenyewe. Chukua zile tani 300,000, zidisha. Zaidi ya tani milioni moja na nusu za tunda, zenye vitamini C inayolizidi chungwa mara kadhaa, nyingi zinaozea chini ya mikorosho kati ya Oktoba na Desemba, nzi wakifanya sherehe. Kidogo kinakaushwa, kidogo kinakamuliwa, na kiasi kingine tunajua kinakwenda kwenye gongo. Hesabu hiyo ya kuzidisha ningependa ifanywe na darasa la tano wenyewe, kwa mizani ya dukani: ng'oa korosho, pima, pima bibo, andika. Halafu walile. Lina ukakasi, ndiyo, linakaba koo na maji yake yanatia doa sare ya shule kiasi cha kumkasirisha mama. Ukilivukizia mvuke dakika chache au ukalikata vipande na kulitia chumvi, ukali unapungua. Mtoto anajua hili kuliko mimi. Ndilo tunda analookota njiani akienda shule. Anafika getini analitupa, anaingia darasani kujifunza kwamba matunda ni tufaha na zabibu.

Na zile korosho za mikorosho ya shule zenyewe? Shule nyingi huku zina mikorosho, na fedha yake ni halali, inanunua madawati, inaezeka bati. Siombi ziache kuuzwa. Naomba debe moja lisiende ghalani. Likaangwe siku ya kufunga muhula, na watu wazima wasimamie, maana maji ya ganda yanaunguza ngozi. Kila mtoto apate konzi moja ya korosho. Gharama yake kwa shule ni ndogo kuliko soda za wageni wa mahafali.

Nirudi kwa Mwalimu mkuu na mbaazi zake ambazo watoto hawali. Nilijaribu nyumbani, Jumamosi moja, na watoto kumi na mmoja: wangu watatu, waliobaki ni wa majirani waliofuata harufu. Mbaazi kavu zilizolowekwa usiku. Wakubwa wawili, mmoja mvulana, niliwapa mbuzi ya kukunia na nazi nne. Mvulana akagoma mwanzoni, akisema kukuna nazi ni kazi ya dada. Nikamwambia na kula pia itakuwa ya dada. Akakaa. Tui la kwanza tukaliweka kando, la pili likachemkia mbaazi pamoja na kitunguu na chumvi, la kwanza likaingia mwisho. Muhogo wa kuchemsha pembeni, na mandazi kidogo, kwa sababu sikutaka vita.

Nane walikula na kurudia. Wawili walikula mandazi tu wakayachovya kwenye tui. Mmoja hakugusa, akasema tumbo, na nilimwona baadaye akinunua barafu ya shilingi mia. Sidanganyi kwamba wote waliokoka. Lakini siku nyingine nilipita jikoni shuleni nikaonja mbaazi zilizopikwa pale kwa mchango wa mzazi mmoja mwenye huruma: maji, chumvi, mbaazi, basi. Ngumu katikati. Nami ningekataa. Pwani nzima hii, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, mbaazi za nazi na mandazi ni kifungua kinywa ambacho mtu anakiamkia alfajiri. Hatuwezi kuchukua chakula hicho, tukakivua nazi na kitunguu, tukakimwagia maji, halafu tukatangaza kwamba mtoto hakipendi.

Najua itaulizwa nazi itatoka wapi kwa ajili ya watoto mia sita. Haitatoka kila siku. Mara moja kwa wiki inawezekana, iwapo wazazi watakaoleta mbaazi badala ya maharage watakubali kuongeza nazi mbili kwa muhula, na bado watakuwa wametumia pungufu. Mwongozo wa serikali wa chakula cha wanafunzi wenyewe unawataka wazazi na shule wapange pamoja kulingana na kinachopatikana eneo husika. Tatizo letu ni kwamba orodha ya michango inanakiliwa mwaka hadi mwaka kutoka daftari moja kwenda jingine, na aliyeiandika mara ya kwanza huenda alikuwa mtu wa Mbinga, huko nyanda za juu kwenye maharage.

Walimu wana hoja nzito zaidi, ya muda. Darasa la nne na la saba wana mitihani, vipindi havitoshi, mwalimu mmoja watoto themanini. Sina jibu la kuwapendeza. Ninachoona ni kwamba saa za jembe tayari zipo: zile za adhabu. Zichukuliwe hizo. Asiyechelewa naye alime, aliyechelewa apewe adhabu nyingine, hata ya kufagia, ilimradi bustani isiwe jela. Na sheria moja iandikwe ukutani jikoni kwa mkaa kama rangi hakuna: kinachotoka bustani ya wanafunzi hakiuzwi, hakipelekwi nyumbani kwa mtu, kinapikwa hapa.

Kikao kijacho ni Oktoba, korosho zikianza kudondoka. Nimemwomba mwenyekiti dakika kumi kabla ya matundu ya choo, amekubali kwa shingo upande. Yule mama wa khanga nilikutana naye sokoni wiki iliyopita. Anasema atakuja na sufuria yake, na anataka kujua Mwalimu mkuu anapenda mbaazi zenye pilipili au zisizo nayo.